Musenji na kilulu katika nyumba moja

Nimekulia katika nyumba yenye matusi mawili. Upande wa baba, watu wa asili ya Kasai, katikati mwa Kongo, mama yangu aliitwa musenji. Upande wa mama, Wasanga wa hapa Katanga, kusini mwa nchi hiyohiyo, baba aliitwa kilulu. Sisi watoto tulikuwa hiki au kile kutegemea Jumapili hiyo tumekwenda kula bukari, yaani ugali, kwa nani. Hata mboga ilitupima: kwa bibi mzaa mama majani ya muhogo yaliitwa sombe, kwa shangazi zetu yaliitwa matamba, na mtoto aliyetaja jina la upande wa pili aliulizwa palepale amefundishwa na nani.

Sasa nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi. Wanafunzi wangu wameyarithi maneno yale mawili, wameongeza na ya kwao, na kila anayeyarusha anaamini yamekuwepo siku zote, kana kwamba Mungu alipoumba Wakasai aliumba siku hiyohiyo na jina la kuwatukania. Imani hiyo ndiyo inayoniuma kuliko neno lenyewe. Tusi la kundi la watu lina mwaka lilipoanza, lina mahali, na lina watu waliolihitaji wakati huo. Nimetumia muda mwingi kuitafuta miaka hiyo, kwanza kwa ajili ya wazazi wangu, halafu kwa ajili ya darasa.

Nianze na la mama. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam amekwisha kulitambua: ni mshenzi yuleyule kwa matamshi ya kwetu. Baadhi ya wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye neno la Kiajemi zangi, mtu mweusi, mzizi uleule uliomo ndani ya jina Zanzibar. Pwani likaja kuwa jina la mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiye na mji, kinyume cha muungwana. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipofika Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, na Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, akaweka ngome zake pande za Kasongo, maneno hayo mawili yalisafiri pamoja. Watu wa Maniema waliojiunga na misafara, wakavaa kanzu na kusema Kiswahili, walijiita Wangwana, yaani waungwana. Jirani zao waliobaki vijijini wakawa washenzi. Ndiyo maana Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana na Wabelgiji. Nikiwafundisha watoto sehemu hii huwa nasimama hapo kwa muda, maana ndipo palipo na siri yote: mtu ambaye jana angeweza kukamatwa na kufungwa kamba shingoni, leo akipata bunduki, anahitaji haraka neno la kumwita yule atakayekamatwa badala yake.

Wabelgiji walilikuta neno hilo, wakalichukua lilivyo. Katika koloni basenji, wingi wa musenji, wakawa wanakijiji wote, mradi hawajasoma na hawavai viatu. Miaka ya 1930 Waingereza walipochukua kutoka Kongo mbwa wadogo wa kuwinda, wale wasiobweka, wakawapa jina hilohilo, na mpaka leo duniani kote kuna aina ya mbwa inayoitwa basenji. Nilipolieleza hili darasani, msichana mmoja wa mstari wa nyuma aliuliza: “Madame, benye ile mbwa banajua maana yake?” Wenzake wakaanza kubishana kama inafaa kuwaandikia. Mjadala huo ulitufaa kuliko saa nzima ya kuandika ubaoni.

Baada ya vita vya pili neno lilipanda cheo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaja na utaratibu wa kumwandikisha Mwafrika aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Mwombaji alikaguliwa mpaka nyumbani: wanakula mezani au chini, mke anakaa pamoja na mume au jikoni, watoto wanavaaje. Waliotafuta hadhi hiyo waliitwa évolués, yaani walioendelea. Kambo yangu, yaani babu mzaa baba, karani wa reli, aliishi katika dunia hiyo, na binti zake walilelewa na uma, kisu na kitambaa cha meza. Mama yangu alitoka kijiji cha pande za Kambove, akaolewa katika nyumba hiyo. Alijua kulima, kuponda, kuimba, na kusema lugha tatu. Kutumia kisu mezani hakujua. Basi akaitwa musenji.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza shangazi mkubwa, kwa heshima na bila kumlaumu, neno lile walilipata wapi. Alifikiri kidogo, akanijibu: “Kwa baba. Kwa mon père ku misioni. Kwa kila mutu. Bazungu balituita vile, na shiye tukaita bengine.”

Sijapata mahali popote maelezo yanayolishinda hilo.

Sasa la baba. Kilulu kwetu ni mdudu, wingi wake bilulu. Msomaji wa pwani asidanganywe na lulu ya baharini iliyomo ndani ya sauti hiyo. Kilulu ni yule anayetoboa mahindi ghalani, anayetambaa ukutani usiku, anayekula usichomlimia. Ni neno safi kabisa la jikoni na la shamba. Mama aliponiambia “toa ile kilulu mu muchele,” hapakuwa na chuki yoyote. Kulifanya jina la watu kulihitaji kazi, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka themanini.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na wafanyakazi wengi wa mwanzo waliletwa kutoka Rhodesia. Miaka ya 1920 kampuni ikageuza macho kwa Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK ikaunganisha Katanga na Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, ikipita katikati ya nchi ya Kasai, na wanaume wakaanza kushuka kwa treni wakiwa na mikataba. Miaka hiyohiyo kampuni iliamua kwamba mfanyakazi akae na mke na watoto wake kambini: nyumba ya matofali, posho ya kila wiki, shule ya wamisionari. Wakasai wengi wakaingia ukarani, ualimu na reli. Wakoloni wakawasifia kwamba wana akili na bidii kuliko wenyeji. Nasema wazi kwamba sifa hiyo ilikuwa na madhara kuliko tusi lolote, kwa sababu kila ilipotamkwa kwa Mkasai ilimwambia Mkatanga kwamba yeye ni mvivu katika ardhi ya babu zake. Na ndugu za baba yangu waliimeza sifa hiyo nzima nzima.

Desemba 1957 Waafrika wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua viongozi wa komuni zao, yaani sehemu za mji, na walioshinda wengi walikuwa watu wa kutoka nje ya Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa CONAKAT, chama cha waliojiita wenyeji halisi wa Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, akatangaza Katanga imejitenga, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba, wengi wao wa Kasai, walikuwa wamejazana katika kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji huu. Kujitenga kukaisha Januari 1963. Watu wakarudi kazini, wakaoana. Wazazi wangu ni matunda ya kipindi hicho cha utulivu, na walitulea bila kutusimulia lolote la nyuma.

Kwa hiyo mwaka 1992 ulitukuta hatujui chochote. Lakini ukiangalia hesabu, ulikuwa unakuja. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora miji, na huu wetu ukiwemo. Kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Mshahara wa baba ulichelewa, kisha ukaja nusu, kisha haukuja. Kazi zilikuwa chache na kila mtu alijua ni nani amekaa kwenye kiti gani. Halafu tarehe 15 Agosti 1992 Kongamano Kuu la Taifa mjini Kinshasa likamchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Wakasai walishangilia barabarani. Neno kilulu likatoka jikoni, likapanda jukwaani kwenye mikutano ya siasa, likawa kilulu cha miguu miwili.

Nilikuwa mji wa Likasi kwa kambo, komuni ya Kikula, likizo kubwa ikielekea mwisho. Asubuhi moja tulikuta lango la bati limeandikwa kwa makaa, herufi kubwa zilizopinda: BILULU BIENDE KWABO. Baba mukubwa alitaka kulifuta mara moja. Kambo akamzuia. Alikuwa karani maisha yake yote, barua yenye kosa alikuwa hawezi kuipitisha hata ingekuwa yake mwenyewe. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno. “Biende,” akasema, “halafu kwabo.” Akarudia. Kisha akatuambia sisi wajukuu: mwenye kuandika hivi ameanza na vitu akaishia na watu. Kitu hakina kwabo. “Eko anajua kama shiye ni batu.” Yaani anajua kwamba sisi ni watu.

Wakati ule nilidhani mzee anajifariji na sarufi. Leo hiyo ndiyo sentensi ninayoifundisha kila mwaka. Kwa Kiswahili chetu watu ni ba-, vitu ni bi-, kama vile pwani wanavyosema wa- na vi-. Mtu anayesema Bakasai baende, hata akiwa na hasira, bado anagombana na watu, na watu unaweza kuzungumza nao, kuwahesabia haki, kuwaonea huruma mmoja mmoja. Akisema biende, mazungumzo yamekwisha. Mdudu hana mtoto wa shule, hana kadi ya pensheni, hana kaburi la mama yake kule Panda, Likasi. Kinachobaki ni swali la namna ya kumwondoa.

Na waliondolewa. Nyumba zilivunjwa au zilikaliwa na wengine. Maelfu walilala kituo cha treni cha Likasi na kwenye majengo ya shule wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai. Machi 1993 zamu ikafika Kolwezi, mji mwingine wa migodi. Kwa ujumla mamia ya maelfu ya watu waliondoka Katanga, na wengi walikufa njiani na vituoni kwa njaa na magonjwa. Baba mukubwa alizaliwa Likasi, alisoma Likasi, Kiluba chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Alipanda treni ya Mwene-Ditu, huko Kasai, akiwa na fremu ya dirisha la nyumba yake, ameing’oa na vioo vyake vyote, kwa sababu alisema yeye ndiye aliyeinunua. Kule alikokwenda hakuwa amewahi kufika kabla hata siku moja. Walioandika kwabo kwenye lango letu hawakujua hata mahali wanapompeleka.

Aliyewalisha pale kituoni ni mama yangu. Vijana wa chama cha siasa cha Wakatanga waliozunguka kituo walimpisha kwa sababu aliwasalimia kwa Kisanga, wakamwona ni wa kwao. Alikuja na unga, kuni na samaki wakavu chini ya pagne, yaani kitenge, akapika bukari kati ya reli, na shangazi zangu wakala kwa mkono kama watu wote. Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo neno musenji lilikufa katika ukoo wetu. Halikufa. Kwa mama waliliacha, na wakamheshimu mpaka alipofariki. Lakini shangazi yuleyule aliyenipa jibu zuri nililolinukuu hapo juu, bado anawaita hivyo wauza makala, yaani makaa, wanaopita mlangoni kwake na baiskeli.

Mdudu kama jina la watu si uvumbuzi wa Katanga. Nchini Rwanda neno inyenzi, mende, lilianza kutumika miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa uhamishoni, waliovuka mpaka na kushambulia usiku. Julai 1993, wakati treni za Likasi zikiendelea kubeba watu, redio ya RTLM ilianza kutangaza Kigali, na hapo jina la wapiganaji wachache likavishwa kila Mtutsi, hadi kichanga. Mwaka mmoja baadaye jirani zetu wa Goma walishuhudia yaliyofuata mauaji ya kimbari ya Watutsi, watu wapatao milioni moja, wengi wao Wahutu, wakimiminika mpakani kwa siku chache, na kipindupindu kikiwavuna kwenye mawe ya volkano. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze kwa walichofanya kwa redio na gazeti. Nawaonyesha wanafunzi hukumu hiyo ili wajue kwamba kuna mahali duniani ambapo neno lilifikishwa kizimbani na kupimwa uzito wake.

Nikiyafuatilia matusi ya sehemu nyingine nimegundua jambo linalonihuzunisha: mara nyingi jiwe hutolewa katika ua wa anayepigwa. Wabelgiji walimwita Mkongo macaque, na mababu zetu waliliumia neno hilo kuliko fimbo. Kifaransa kililipata kwa Wareno, macaco, na Wareno walilichukua katika lugha za Kibantu za pwani ya Kongo na Angola, ambako makaku ni nyani tu wa msituni. Yaani neno lilitoka kinywani mwetu, likaenda Ulaya, likarudi kutupiga. Na wanyama ambao sayansi inawaita kwa jina hilo leo wanaishi Asia na Afrika Kaskazini. Kongo hawapo. Agosti 2006 seneta George Allen wa Virginia, Marekani, alimwita kijana mwenye asili ya India macaca mbele ya kamera. Alidai hajui maana yake. Magazeti yakakumbusha kwamba mama yake alikulia Tunisia, katika Kifaransa cha wakoloni. Novemba alishindwa uchaguzi kwa pungufu ya kura 10,000.

Hali ni hiyohiyo kwa bougnoule, tusi la Wafaransa kwa Waarabu wa Maghreb. Limetoka katika Kiwolofu cha Senegal, ambako lilitaja weusi wa rangi tu. Wazungu wakalitumia kwanza kwa Wasenegali wenyewe, kisha wakalihamishia kaskazini kwa watu ambao si weusi hata kidogo. Na kafiri, neno la dini ambalo Waislamu wa pwani wanalijua vizuri: Wareno walilipokea kwa Waarabu, likashuka kusini, na katika Afrika Kusini likawa jina la kumdhalilisha kila mtu mweusi, awe mwamini au asiwe. Machi 2018 mahakama ya huko ilimfunga mwanamke mmoja kwa kuwarushia polisi neno hilo mara kwa mara.

Kuna matusi mengine yanayotokana na sikio la mgeni. Wagiriki walisikia lugha za wengine kama “bar bar”, wakapata jina la watu wasiostaarabika. Wadachi wa Rasi ya Tumaini Jema waliwasikia Wakhoikhoi wakisema kwa milio yao, wakawaita Hottentot, jina ambalo wengi wanalieleza kuwa ni la kuigiza kigugumizi. Na Kinshasa madereva wa pikipiki huitwa wewa. Ni “wewe” ya Kiluba: Wakasai walioanza kazi hiyo waliitana hivyo, na mji ukawabandika. Hilo sasa limeanza kupoa. Kuna madereva wa makabila mengine wanaojiita wewa bila kinyongo, na sioni sababu ya kuwakataza.

Jambo moja nimejifunza kulikwepa, nalo ni hadithi tamu za asili. Watoto wa mitaani wa Kinshasa wanaitwa shegué, na kila mtu ana maelezo: wengine wanasema ni Che Guevara, wengine wanasema ni Schengen. Hata inyenzi imetengenezewa maelezo ya herufi za mwanzo za maneno mazuri ya kishujaa. Kadiri maelezo yanavyopendeza ndivyo ninavyozidi kuyatilia shaka, kwa sababu yanamwondolea msikilizaji kazi ya kuuliza swali gumu. Mwanafunzi akiniletea neno, namwuliza lilianza kusikika mwaka gani, na mwaka huo kilikosekana nini: mshahara, ardhi, kiti cha ofisi, unga. Akishapata hicho, mzizi wa neno unakuwa nyongeza. Namwuliza pia nani alilisema mbele ya watu wengi bila kuadhibiwa, maana nchi yetu ina sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila tangu tarehe 7 Juni 1966. Ilikuwa na umri wa miaka 26 wakati kambo anasoma lango lake.

Darasani sasa limezuka neno lingine, na hili ninaliona likikua mbele ya macho yangu. Ni krezeri, yaani creuseur, mchimbaji wa mkono. Lilikuwa jina la kazi tu. Mwaka 2002 kanuni mpya ya madini iliwatambua wachimbaji hao. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wao, pamoja na vijana wao, wakaingia kwenye mashimo kutafuta kobalti na malakiti, jiwe la shaba. Mtu aliyekuwa na kadi ya kazi, kofia na hospitali ya kampuni akawa na gunia na tochi. Wale waliobahatika kubaki ofisini waliingiwa na hofu ya kumfuata, na hofu hiyo ndiyo iliyolipa neno ladha yake mpya. Siku hizi mtoto mchafu ni krezeri, anayepiga kelele ni krezeri, anayekula haraka ni krezeri. “Mutoto ya krezeri” imekuwa sababu ya kumkataa mtu dawati.

Shule yetu iliamua kuandika katika kanuni zake orodha ya maneno yaliyokatazwa, na kamati ya wazazi ikaitwa. Bilulu halikubishaniwa na mtu. Tulipofika krezeri, baba mmoja alisimama nyuma, mikono imepasuka, shati limepigwa pasi vizuri sana. “Madame, miye njo krezeri,” alisema. “Hii kazi njo inalipa minerval (karo) ya mutoto. Mukiiandika pale pamoja na kilulu, mutakuwa munasema kazi yangu ni tusi.” Mwenyekiti alimjibu kwamba nia ni kumlinda mwanawe. Yeye akasema mwanawe alindwe, lakini jina la kazi yake liachwe.

Nilimwunga mkono, na nilieleza kwa nini: neno likishawekwa kwenye orodha ya matusi na shule, sisi walimu ndio tutakuwa tumemaliza kazi iliyoanzwa na watoto. Tulibishana mpaka jenereta ikazimwa. Mwishowe krezeri halikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba hakuna mwanafunzi atakayemkataa mwenzake dawati, mpira au maji kwa sababu ya kazi, kabila au kijiji cha wazazi wake, na wazazi wa anayekataa ndio watakaoitwa.

Musenji bado linajadiliwa. Wazazi kadhaa wanasema ni neno la kumkemea mtoto asiye na adabu, nao wamelelewa nalo bila kudhurika. Nimeomba nusu saa katika mkutano wa Januari niwaeleze lilivyofika mpaka kwenye meza zetu, nikianzia Kasongo.